Jaribu Steji kwenye Kompyuta Kabla ya Kumwaga Saruji

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mabwawa ya mchanga, matuta ya kuzuia mmomonyoko, ndengu na mbuzi wa maziwa. Mara hii tunaomba mtuvumilie kidogo, kwa maana tunataka kuongea juu ya kompyuta. Msigeuze ukurasa bado! Jambo lenyewe linahusu steji, pale mahali ambapo mama mwenye magunia mawili ya ndengu husimama tangu alfajiri akingoja gari, na ambapo maembe huanza kuoza hata kabla ya kuiona barabara kuu.

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, ujenzi wa stendi na masoko umekuwa ahadi inayotajwa sana katika mikutano ya bajeti. Hilo ni jema. Lakini wengi wetu tumewahi kuona stendi iliyozungushiwa ukuta mzuri, ina geti la chuma, vyoo na taa, na ndani yake abiria wa kudumu ni mbuzi. Magari yako nje kando ya lami, watu wako nje vilevile, na mwenye kibanda aliyelipia nafasi ndani anakuna kichwa. Kuna na upande wa pili: stendi iliyojengwa ndogo mno, ambayo siku ya kawaida inapendeza, lakini ikifika siku ya soko hakuna gari linaloweza kuingia wala kutoka. Zote mbili zimekula pesa za umma, na saruji ikishakauka hairudi kuwa unga.

Hapa Tulia, na Kitui na Makueni kwa jumla, swali hili limekuja karibu zaidi miaka hii. Barabara ya lami inayotoka Kibwezi kupitia Ikutha na Mutomo hadi Kitui, kisha ikaendelea Kabati na Migwani, imegeuza njia za watu na mizigo. Mtu anayetoka Mombasa halazimiki tena kuzunguka Machakos ndipo afike kwao. Reli mpya nayo, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, ina stesheni Mtito Andei, Kibwezi na Emali, zote ndani ya Makueni. Treni ikisimama, inamwaga watu kwa mpigo, na kila mmoja anatafuta gari la kumfikisha nyumbani. Miji iliyokuwa ya kupita tu imekuwa miji ya kubadilishia magari. Kwa hivyo stendi zitajengwa, tupende tusipende. Swali ni kama zitajaribiwa kabla ya kujengwa.

KUIGA NI NINI?

Mkulima mwenye akili hapandi mbegu mpya shamba zima mwaka wa kwanza. Anatenga kipande kidogo, anaangalia. Ikikufa, amepoteza kibaba kimoja. Lakini stendi huwezi kuitengea kipande. Huwezi kujenga robo ya geti ili uone magari yatapitaje. Ndipo wataalamu wakafikiria njia nyingine: badala ya kujenga stendi ya mawe, wanajenga stendi ya hesabu ndani ya kompyuta. Magari yake ni namba, abiria wake ni namba, saa yake inakimbia mbio, siku nzima inapita kwa nukta chache. Kazi hii tunaweza kuiita mwigo, kwa sababu kompyuta inaiga mambo yatakavyokuwa. Si filamu ya katuni, ingawa mara nyingine huonyeshwa kwa picha za vigari vinavyotembea. Picha ni pambo tu. Kiini chake ni daftari kubwa la kuandika nani alifika saa ngapi, alingoja kwa muda gani, na aliondoka lini.

Mtu haamini mpaka afanye kwa mkono, kwa hivyo hebu tufanye. Chukua dadu mbili za ludo. (Wazazi wasishtuke, hatufundishi kamari.) Dadu ya kwanza itatuambia gari linalofuata litafika baada ya dakika ngapi. Ukipata 1 ni dakika 2, ukipata 2 ni dakika 6, 3 ni 10, 4 ni 14, 5 ni 18, na 6 ni 22. Wastani wake ni dakika 12. Dadu ya pili itatuambia gari likiingia kwenye nafasi ya kupakia litakaa kwa muda gani: 1 ni dakika 5, 2 ni 7, 3 ni 9, 4 ni 11, 5 ni 13, na 6 ni 15. Wastani wake ni dakika 10. Stendi yetu ina nafasi moja tu ya kupakia.

Mtu wa ofisini akiangalia hizo wastani atasema mambo ni sawa kabisa. Gari linakuja kila dakika 12, linapakia kwa dakika 10, tena makanga anabaki na dakika 2 za kunywa chai. Nafasi moja yatosha. Tia sahihi, tujenge.

Sasa turushe dadu. Sisi tulipata hivi. Gari la kwanza lilifika saa 12:00 asubuhi, likapakia dakika 11, likaondoka saa 12:11. La pili lilifika 12:10, likangoja dakika 1, likapakia dakika 15 mpaka 12:26. La tatu lilifika 12:12, kwa hivyo liligonga mwamba: lilingoja dakika 14, likapakia dakika 7. La nne lilifika 12:18, likangoja dakika 15, likapakia 13. La tano lilifika 12:36, likangoja 10, likapakia 9. La sita lilifika 12:38, likangoja dakika 17 nzima, likapakia dakika 5 tu. La saba lilifika saa 1:00 kamili, nafasi ndiyo kwanza imeachwa wazi, likaingia moja kwa moja, likapakia dakika 15. La nane lilifika 1:14, likangoja dakika 1.

Jumlisha dakika za kungoja: 58. Hakuna dereva aliyekosea, hakuna gari lililoharibika, hakuna askari aliyesimamisha mtu. Ni vile tu magari hayaji kwa mstari kama askari wa gwaride. Yanakuja matatu pamoja, halafu kimya. Na dakika zile nafasi inapokaa tupu haziwekwi akiba zikasaidie baadaye. Zimepotea.

Sasa rudia siku ileile, na magari yaleyale, lakini stendi iwe na nafasi mbili. Chukua karatasi ujaribu mwenyewe. Utaona kwamba ni gari la nne peke yake linalongoja, tena kwa dakika 1. Kutoka dakika 58 hadi 1! Mtu angefikiri kwamba ukiongeza nafasi maradufu, kungoja kutapungua kwa nusu. Wapi! Foleni haina tabia hiyo.

Mambo haya si mapya. Mtu wa Denmark aliyeitwa Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alianza kuandika juu yake mwaka 1909. Yeye alitaka kujua idadi ya nyaya zinazohitajika ili watu wasingoje sana kupiga simu. Hesabu zake zinatumika mpaka leo kwa benki, hospitali na bandari. Tukizitumia kwa stendi yetu, tukichukulia kwamba magari yanakuja ovyo na muda wa kupakia nao unabadilika sana, matatu tano kwa saa kwenye nafasi moja inayoweza kuhudumia sita zitangoja kwa wastani dakika 50 kila moja. Kukiwa na nafasi mbili zinazotumiwa na wote, wastani unashuka hadi dakika 2 hivi. Lakini tukigawa zile nafasi mbili, hii ya sacco fulani na ile ya sacco nyingine, hakuna kuingiliana, kila sacco ikiwa na nusu ya magari, wastani unapanda tena hadi dakika 7. Mawe ni yaleyale, saruji ni ileile. Kilichobadilika ni maandishi ya rangi ukutani. Wale wanaopigania kila sacco iwe na kona yake wangefaa kuonyeshwa hesabu hiyo kabla ya kupaka rangi.

KWA NINI KOMPYUTA BASI?

Kama dadu na penseli vinatosha, kompyuta ya nini? Kwanza, siku moja haitoshi kukupa jibu. Dadu zetu zingeweza kuanguka vizuri, tukadanganyika kwamba nafasi moja yatosha. Inafaa kuiga siku elfu moja, na hapo mkono unachoka. Kompyuta ina namna yake ya kutoa namba za bahati nasibu, ni kama kurusha dadu mamilioni ya mara bila kulalamika.

Pili, stendi ya kweli si kama mchezo wetu. Matatu zetu haziondoki kwa saa, zinaondoka zikijaa. Tangu sheria za mwaka 2004, ile nissan ya kawaida hubeba abiria 14. Tuseme abiria mmoja anafika kila dakika. Gari moja likipakia peke yake litajaa kwa dakika 14. Yakipakia mawili kwa pamoja, kila moja likivuta huku, kila moja litajaa kwa dakika 28, na yule abiria wa kwanza kuingia atakaa humo kwa muda maradufu, joto limempata na mtoto analia. Kumbe kwenye njia yenye abiria wachache nafasi ya pili inaweza kuleta hasara badala ya faida! Ndiyo sababu makanga wanavutana nguo za watu. Si tabia mbaya peke yake, ni hesabu. Mwigo mzuri lazima uweke abiria ndani, na mizigo yao, na boda boda wanaowaleta, na lile lori la maembe lililoziba geti. Hapo ndipo kompyuta inapohitajika kwa kweli.

Tena programu zenyewe si mali ya matajiri tu. Watu wawili wa Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walitengeneza lugha ya kompyuta iitwayo Simula katika miaka ya 1960 hasa kwa kazi hii ya kuiga. Leo kuna programu zinazopatikana bure. Moja ni SUMO, iliyotoka katika kituo cha utafiti wa anga cha Ujerumani na kutolewa mwaka 2001, ambayo inaiga magari barabarani. Nyingine ni SimPy, inayoiga foleni za kila aina. Kijana aliyesomea kompyuta chuoni anaweza kuziendesha kwa kompyuta ya kawaida ya mkononi. Ugumu hauko kwenye programu. Tutafika huko.

BANDARINI NA EMBAKASI

Mahali ambapo hesabu hizi zimetumika kwa muda mrefu ni bandarini, kwa sababu meli ikingoja baharini inalipiwa kila siku, na gharama hiyo huishia kwenye bei ya mbolea dukani. Mwaka 1975 serikali ya Nigeria iliagiza saruji nyingi mno kupita uwezo wa bandari ya Lagos, na mamia ya meli zikatia nanga nje zikingoja zamu. Nyingine zilingoja hata saruji ikaharibika. Hakuna aliyehesabu kwanza. Katika miaka iliyofuata, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, lilitoa kitabu cha mwongozo kwa wapangaji wa bandari katika nchi zinazoendelea. Kilikuwa na majedwali yanayoonyesha meli zitangoja kwa muda gani kadiri magati yanavyozidi kushughulika. Ni hadithi ileile ya dadu zetu: gati linaloshughulika wakati wote linapendeza machoni pa mhasibu, lakini kwa mwenye meli ni msiba.

Bandari yetu ya Mombasa ilipitisha kontena milioni moja kwa mwaka, kwa kipimo cha futi 20, mara ya kwanza mwaka 2014. Kituo cha pili cha kontena kilifunguliwa mwaka 2016 kwa mkopo wa Japani, na mwaka 2024 bandari ilivuka milioni mbili. Lakini kontena halikai bandarini milele. Treni za mizigo zilipoanza Januari 2018, kontena nyingi zilipelekwa kituo cha bara cha Embakasi, Nairobi, ambacho kilikuwa kimepanuliwa kwa ajili hiyo. Mwaka huohuo zikarundikana pale Embakasi, na wafanyabiashara wakalia sana.

Hapa kuna jambo la kujifunza kuhusu vituo vyote, hata cha kuku. Treni moja ya mizigo inaweza kubeba kontena 108 za futi 20. Zinafika zote pamoja, lakini zinaondoka mbili mbili kwa malori. Hiyo ni malori 54 kwa treni moja. Tuseme kila lori linachukua dakika 4 getini, karatasi zikaguliwe na dereva aandikwe. Geti moja litahitaji zaidi ya saa tatu na nusu kumaliza treni moja. Zikija treni nane kwa siku, geti hilo litahitaji karibu saa 29 kufanya kazi ya siku yenye saa 24. Hizi dakika 4 ni za mfano wetu, lakini mwone jinsi dakika chache za mtu mmoja mwenye kalamu zinavyoweza kuamua hatima ya reli ya mabilioni.

Kuna hesabu nyingine rahisi ambayo John Little wa Marekani aliithibitisha mwaka 1961, na ambayo kila msimamizi wa stendi angefaa kuijua. Idadi ya vitu vilivyo ndani ya kituo ni sawa na vinavyoingia kwa siku, mara siku ambazo kila kimoja hukaa. Kontena 500 zikiingia kila siku na kila moja ikikaa siku 4, uwanja utakuwa na 2,000. Ukaguzi ukichelewa zikakaa siku 9, uwanja huohuo unatakiwa kubeba 4,500. Huhitaji treni kuongezeka ndipo kituo kijae. Karatasi zikilala mezani inatosha. Tuliona jambo kama hilo mwaka 2020 mpakani Malaba: madereva walipotakiwa kungoja majibu ya kipimo cha korona, foleni ya malori ilifika makumi ya kilomita, ingawa biashara haikuwa imeongezeka.

SIKU NAIROBI ILIPOTEMBEA KWA MIGUU

Tarehe 3 Desemba 2018, serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitoa matatu katikati ya mji na kuzielekeza kwenye vituo vya pembeni kama Muthurwa na Ngara. Nia ilikuwa kupunguza msongamano. Wengi wenu mna watoto wanaofanya kazi huko na mlisikia habari zake. Wazee kwa vijana, wagonjwa, watu wenye ulemavu, wote walishushwa mbali wakatembea. Kabla ya siku mbili kwisha, amri ikasimamishwa.

Hatusemi kwamba wazo lenyewe lilikuwa baya. Miji mingi duniani imetoa magari katikati. Tunachosema ni kwamba lilijaribiwa kwa miguu ya watu. Maswali ambayo mwigo ungeuliza ni ya kawaida: matatu ngapi zitafika Muthurwa kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi? Geti linapitisha ngapi? Watu elfu ngapi watavuka barabara kwa miguu, na wapi? Nani atawapeleka wasioweza kutembea?

Wala usiseme habari za kuanzia kazi hiyo hazikuwapo. Kati ya mwaka 2012 na 2014 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu za Nairobi wakiwa na simu za mkononi na kuandika njia na vituo vya zaidi ya njia 130. Kazi hiyo waliiita Digital Matatus, na Januari 2014 wakatoa ramani ya njia zote, iliyochorwa kwa rangi kama ramani za treni za Ulaya. Mwaka 2013 IBM nayo ilifungua maabara ya utafiti ndani ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kule Karen, na msongamano wa Nairobi ulikuwa kati ya mambo yaliyochunguzwa. Elimu ipo. Kazi ni kuiita kabla ya amri kutolewa, si baada.

KOMPYUTA HAIJUI ULICHOMFICHA

Tuseme ukweli pia juu ya upande wa pili, maana tumeona semina ambapo mtu akionyesha picha za kompyuta ukutani, basi mkutano mzima unanyamaza kama kwamba amesoma amri kumi. Kompyuta inajua kile ulichoiambia tu. Uwanja wa ndege wa Heathrow, London, ulifungua jengo lake la tano tarehe 27 Machi 2008 baada ya miaka ya mipango, hesabu na majaribio ya watu waliojitolea kuigiza abiria. Siku ya kwanza wafanyakazi hawakupata mahali pa kuegesha magari yao, wakachelewa, wengine hawakujua njia ndani ya jengo. Mizigo ikalundikana kwa maelfu, ndege zikafutwa. Mwenye hesabu alikuwa amefikiria mabegi. Wabebaji mabegi waliachwa nje ya hesabu.

Kwetu vitu vinavyosahaulika ni vingine. Mama wa ndengu hatembei mita 300 na gunia. Atasimama pale gari linapopita, na dereva atasimama pale mama aliposimama, na stendi yako itabaki na mbuzi. Mwigo unaochukulia kwamba kila gari litaingia ndani kwa sababu sheria inasema hivyo, umeshadanganya kabla ya kuanza. Mvua ni nyingine: mito yetu ya msimu ikijaa, magari ya upande mmoja hayafiki kwa saa nyingi, halafu yanafika yote kwa pamoja. Kuna mwisho wa mwezi. Kuna siku ya kufungua shule, masanduku juu ya magari mpaka hayaonekani. Kuna Desemba, Nairobi nzima inaporudi nyumbani. Stendi iliyopangwa kwa Jumanne ya kawaida mwezi wa Februari itaaibika wiki ya Krismasi.

Halafu kuna swali la nani anaulizwa. Mwigo unaweza kutafuta kungoja kidogo zaidi kwa magari, au kwa abiria, au ushuru mwingi zaidi kwa kaunti. Majibu matatu hayo si lazima yafanane. Mwenye kulipa mtaalamu ndiye anayechagua swali, na wachuuzi wa ndizi na maji huwa hawamo katika swali hilo kabisa, ingawa wao ndio wanaojua saa hasa ambayo watu hufika.

TUNAWEZA KUANZA NA NINI?

Ule ugumu tuliousema haupo kwenye programu uko hapa: habari za kweli za steji. Katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe, na kila mwaka tunaitwa mikutano ya bajeti. Mara nyingi tunaenda na maneno, "tunataka stendi", na tunajibiwa kwa maneno. Kikundi cha vijana wa soko lolote kinaweza kwenda na namba.

Inatosha watu wawili kwa zamu, daftari, na saa ya simu. Mmoja akae mahali magari yanapoingia, mwingine wanapoondokea. Waandike kila gari: saa ya kufika, saa lilipoanza kupakia, saa lilipoondoka, na watu waliokuwa ndani. Ikiwezekana, wa tatu aandike mizigo: magunia, kreti, kuku. Wasihesabu siku moja. Wachukue siku ya soko, siku isiyo ya soko, Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na siku moja ya mvua kama Mungu ataijalia. Namba za simu za watu na majina ya madereva hayahitajiki, tena yasiandikwe, kwa sababu makanga akiona jina lake kwenye daftari atadhani ni mambo ya polisi na hesabu itaishia hapo. Afadhali viongozi wa sacco waelezwe mapema. Wao pia wanapoteza mafuta kwenye foleni.

Daftari kama hilo lina kazi hata kama hakuna kompyuta. Ukishajua kwamba siku ya soko magari 40 yanafika kati ya saa 11 na saa 1 asubuhi, na kila moja linakaa dakika 20, kanuni ya Little inakuambia kwamba kwa wastani kuna karibu magari 7 ndani kwa wakati mmoja, na dadu zinakuambia kwamba mara nyingine yatakuwa zaidi. Mchoro wa stendi ukiletwa mkutanoni una nafasi tano, unaweza kuinua mkono ukauliza mtaalamu alihesabu siku gani. Kama ana mwigo, mwombe aonyeshe siku mbaya kuliko zote katika siku elfu moja alizoiga, sio wastani. Muulize amechukulia wangapi watapakia nje kando ya lami. Muulize itakuwaje geti moja likizibwa na lori lililopasuka gurudumu. Mtaalamu wa kweli atafurahi kuulizwa, kwa sababu anaweza kubadilisha namba mbili akaendesha tena mbele yenu, na jibu likatoka kabla ya chai kupoa.

Na stendi ikishafunguliwa, daftari lisitupwe. Wahesabu tena baada ya miezi mitatu, siku zilezile, saa zilezile, waone kama magari yanaingia ndani kama yalivyoingia kwenye kompyuta, au kama yamerudi barabarani kwa mama wa ndengu.